Wima, Herufi Nne

Jumapili, saa tatu kamili, simu ilikuwa ikilia.
Clem, bila hata salamu: "Kumi na saba, mlalo.
Herufi tisa. Ya zamani, lakini imevaa tai."
Nami, siagi vidoleni, nilikuwa nimeshajua:
lile neno la mahakimu na wahariri
ambalo hakuna mtu wa Harrowdene
aliyewahi kulitamka akiwa na njaa.

Tuliachana mwaka ule mgodi ulipofungwa.
Sisemi ndiyo sababu. Nasema mwaka ule.
Yeye alichukua redio na mbwa,
mimi nikabaki na nyumba, kamusi na mvua.

Tangu hapo akawa kwangu neno la herufi mbili,
fupi kuliko kikohozi,
linaloishia kwa alama ile ya mwalimu
kwenye jibu lililokosewa.
Nililitumia benki, kwa daktari wa meno,
kwa mwanamke wa sensa mwenye soksi zilizolowa.
Halikuwahi kumtosha. Clem alikuwa na kilo mia na tano.

Kiingereza chetu kina kabati zima la nguo za waliopita.
Kuna neno la herufi sita, la barua za ofisi,
limepigwa pasi, wamelibandika kila mahali hapa:
kanisa, sasa duka la mazulia;
shule, sasa fleti;
wachimbaji, sasa
wachimbaji.
Kuna la herufi saba, la Kilatini, linanuka naftalini;
Clem alilipenda mno, akampa mbwa wa pili liwe jina,
na jioni ungemsikia uwanjani akiliita zamani
nalo likija mbio, limejaa matope.

Na kuna ile kauli yenye nyuso mbili:
nilikuwa nikifanya, na nimezoea.
Kauli ileile. Nilikuwa nikiishi naye, nimemzoea,
vyote hutoka mfuko mmoja, kama funguo na chenji.
Ukiikata mkia, kinachobaki ni mtumba.

Jumapili moja ya Februari simu haikulia.
Saa tatu na robo nikajisemea, amechelewa.
Saa nne, huku nikikwangua mkate ulioungua:
amechelewa, mpumbavu yule.
Saa tano akapiga dada yake, Dorrie.

Herufi nne.
Kwetu sisi aliyekufa na aliyechelewa wana neno moja,
halibagui,
huwasimamisha wote wawili mlangoni, kofia mkononi.
Nilikuwa nimeshalitamka mara mbili.
Nilimwita marehemu kwa hasira, makombo yakidondoka kwenye sinki,
na sikujua.

Kijana wa matangazo ya vifo alitaka kujua
anichape vipi gazetini.
Mjane? Sheria hairuhusu.
Mke wa zamani? Zamani ipi? Wiki iliyopita
tuligombana kuhusu mto wa Ubelgiji.
Akapendekeza tubebeshe, la herufi nne juu ya la herufi sita,
kama masanduku juu ya gari la watu wanaohama:
marehemu aliyekuwa mume wa.
Alikuwa mpole. Nilimsikia akitafuna kalamu.
Nikamuuliza, mnatoza kwa kila neno, sivyo?
Basi andika Enid Raistrick.
"Na uhusiano?"
Andika Enid Raistrick.

Mazishini walinipa kiti cha safu ya tatu,
baina ya mtu wa chama na mtu wa bima.
Dorrie aligeuka, akanipa leso yake,
kisha akaikumbuka, akairudia.

Leo majibu ya fumbo lile yametoka,
ukurasa wa thelathini na nane, yamechapwa kichwa chini.
Nimeligeuza gazeti. Nimetafuta ule mto.
Clem alikuwa sahihi.
Ni saa tatu na dakika tano,
na sina wa kumnyima raha ya kujua.